Ngome bila kuta, na shangazi kiti cha nyuma

Araali alikuja likizo Desemba iliyopita na jaketi ambalo hapa Bombo, Uganda, halina kazi, na wazo ambalo lilinigharimu mpira wa rejeta. Yeye ni Mtooro, mtu wa magharibi mwa nchi, ila baba yake alikuwa askari kambini kwetu, kwa hiyo tulikua pamoja na Kiswahili chetu kikawa hicho cha kambini, cha amri na cha utani. Sasa huu ni mwaka wake wa tisa akitunza wazee huko Uskoti. Akipata siku za mapumziko hukodi gari akazunguka mashambani kandokando ya mto Spey: asubuhi kasri, mchana kiwanda cha wiski, jioni kasri lingine. Simu yake imejaa picha hizo. Kuna moja ya Ballindalloch, kasri la mwaka 1546, ambalo wenyewe walifungua kiwanda cha wiski ndani ya shamba lao hilohilo mwaka 2015, mgeni asisumbuke kutafuta.

"Tufanye vilevile hapa," akaniambia. "Ngome na mitambo ya pombe. Wewe unaendesha."

Mimi ni dereva wa kila mtu kwa sababu mbili: ni fundi magari, na sinywi. Araali akanieleza kwamba Uskoti wamebana sheria tangu Desemba 2014, dereva asizidi miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, basi viwandani humpa dereva kichupa kidogo akanywee kwake. Kwetu kipimo ni 80, halafu kuna Kawunyemu. Kwa msiokaa Uganda: hao ni askari wa trafiki wanaokusimamisha usiku, wakakupulizisha kimashine, na uso wa askari ndio hukwambia matokeo kabla ya kimashine chenyewe. Araali alikuwa ameniletea kichupa changu cha dereva kutoka huko huko, kizibo hakijaguswa. Nikamshukuru, nikakitia kwenye sanduku la spana.

Shangazi nilimuaga kwa adabu tu, maana gari la ukoo haliwezi kutoka Bombo bila yeye kujua. Akauliza mnakwenda wapi. Fort Portal, nikamwambia, halafu Katwe, turudie Hoima. Akanyamaza kidogo.

"Mnakwenda kwenye vituo vya mababu zenu, mmeona mimi niachwe?"

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa mlangoni na gurbaba, vazi letu la Kinubi, ya rangi ya machungwa, kikapu cha kisra, mkate wetu mwembamba, mkeka wa kuswalia, na mto wa kukalia kwa sababu viti vya Noah yangu, anasema, vilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wembamba. Ana miaka 68.

Niwaeleze hapa kwa nini alisema mababu. Sisi Wanubi wa Uganda tumetokana na askari wa Emin Pasha, yule Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Vita vya Mahdi vilipowakatia njia ya kaskazini walibaki huku wamezagaa. Stanley akaja akamchukua Emin mwaka 1889, askari wengi wakabaki na kiongozi wao Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza, aliwafuata Kavalli, kando ya ziwa hilo, akawachukua: askari 600 hivi wenye bunduki, na nyuma yao maelfu ya wake, watoto, watumishi na watumwa. Akawapanga kwenye mstari wa ngome mpakani mwa falme mbili, Tooro na Bunyoro, ili Kabalega, Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro, asipite. Kwa hiyo Araali alikuwa anatafuta kasri la kupiga picha. Shangazi alikuwa anatafuta kwao.

Na mambo ya mitambo nayo hayakuwa mageni kwake. Shangazi amepika waragi, pombe yetu kali ya kienyeji, miaka 22, nyuma ya nyumba yetu, akalipa karo ya watoto wanne, na mihula miwili ya kwangu. Hajawahi kuonja hata tone. Alikuwa anapima kwa pua na kiberiti. Ukimuuliza Uislamu wake aliuweka wapi wakati huo atakuuliza wewe karo uliiweka wapi.

Tulikuwa hata Mityana hatujafika wakaanza kubishana. Araali akasema waragi ni maneno mawili ya Waingereza waliokuwa hapa zamani, *war gin*, yaani pombe ya jin ya vita, yakaharibika mdomoni mwa Waganda. Habari hiyo utaisikia kila baa. Shangazi akamgeukia taratibu. Kwao Sudan, akasema, watu wanapika araki ya tende tangu Waingereza hawajajua njia ya kuja. Araki ikawa waragi, kuna ugumu gani? Na kwa Kiarabu *araq* ni jasho. "Ushawahi kuona mtambo ukifanya kazi? Unatoka jasho. Jina hilo mtu alilitoa akiwa amekaa mbele ya pipa. Hakuwa vitani." Mimi niko upande wa shangazi, na si kwa sababu ya ile mihula miwili.

Mubende tulisimama kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Araali alitaka tupande kilima kuona mti wa Nakayima, ule wenye mizizi mirefu kama kuta za vyumba, watu wanapokwenda kuomba. Shangazi akasema yeye na miti hawana mazungumzo, akabaki garini. Tukapanda haraka, tukashuka haraka.

Rejeta ilitushinda baada ya Kyegegwa, tukiwa tumeshaanza kuona chai mbali huko. Mpira wa juu ulipasuka, mvuke ukajaa kioo chote. Kosa ni langu. Mpira ule niliuona umevimba siku tatu kabla, nikajiambia utafika. Mteja akinijia gereji na maneno hayo mimi humcheka. Niliukata sehemu iliyopasuka, nikauvuta, nikaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ikabaki maji. Mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akatuonyesha kwa kidevu: bondeni, kwenye migomba. Nikachukua jerikeni, Araali akanifuata, shangazi akashuka naye. Nikamwambia shangazi kaa, mteremko huu mbaya. Akanusa hewa.

"Huko chini kuna mtu anapika," akasema, akatupita.

Basi ndivyo tulivyofika kwenye kiwanda chetu cha kwanza, kisicho na kibao wala risiti. Na ukifikiri vizuri, mwenye shida ya maji ndiye anayeweza kuvipata viwanda hivi, kwa sababu vyote viko karibu na kijito. Bila maji baridi mvuke haurudi kuwa pombe.

Mwenye mtambo alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu kwa moshi. Kabla ya salamu haijaisha akamuuliza shangazi: "Empaako yaawe?" Watooro na Wanyoro wana majina ya heshima kumi na kidogo, Amooti, Akiiki, Adyeri, Atwooki na mengine, na mtu asiye nalo ni shida kumsalimu, hujui umshike wapi. Mila hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Shangazi hakuwa na jina, akapewa palepale: Abwooli. Mimi nikawa Atwooki. Kutoka hapo mpaka tunarudi Bombo shangazi alikataa kuitika jina lingine.

Mama akatutembeza. Chini ya kivuli kulikuwa na mtumbwi wa gogo, ambao haujawahi kuona ziwa, umefunikwa majani ya mgomba. Ndizi za pombe, mbidde, huivishwa siku kadhaa kwenye shimo lenye moto kidogo kando yake, zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na nyasi ngumu mpaka juisi itoke. Juisi inachanganywa na maji, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa. Kesho yake au keshokutwa ni tonto, pombe ya ndizi, unaweza kuinywa hapo. Asiyetaka tonto anaiacha ichachuke zaidi, kisha anaipeleka pipani.

Pipa lilikuwa la mafuta, la lita 200, limelazwa juu ya mawe matatu, mdomo umezibwa kwa udongo na majani. Kutoka mdomoni limetoka bomba la shaba, likapita kwenye hori la maji ya kijito, mwisho wake ukainamia shingo ya jerikeni. Tone. Tone. Tone. Shangazi akachutama mbele ya lile bomba na gurbaba yake yote, akalitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

"Shaba," akasema. "Wewe unajua kazi."

Araali akachangamka, akasema Uskoti pia mitambo ni ya shaba, mikubwa kama nyumba, yenye shingo ndefu. Akaanza kuwaeleza kina mama wawili mambo aliyofundishwa kule na msichana mwenye kipaza sauti: kwamba kinachotoka mwanzo kinaitwa kichwa, katikati ni moyo, mwisho ni mkia, na hodari ni yule anayejua pa kukata.

"Moyo?" akauliza shangazi. "Sisi tulisema tumbo. Kichwa unamwaga, tumbo unauza, mkia unarudisha pipani kesho."

Wakatazamana, Mskoti wa Tooro na mpishi mstaafu wa Bombo, na ndiyo mara ya kwanza safari ile niliona Araali hana la kuongeza.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo lilibadilisha hewa. Akamgeukia mama, Araali akatafsiri: kile kichwa, kikombe cha kwanza, unakipeleka wapi? Mama akajibu bila haya kwamba hicho ndicho kina wateja wake, kinauzwa bei ya juu, kwa sababu ni kikali. Shangazi akakunja uso. Akasema maneno mengi ya Kinubi ambayo sitayaandika.

Ugomvi wake una sababu. Katika pipa hilo kuna pombe ya aina mbili, ile inayolevya na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, hii nyingine kwenye 78, kwa hiyo wapishi husema ya hatari hutangulia mlangoni, ingawa kwa kweli nyingine hubaki imechanganyika mpaka mwisho. Kwenye ndizi huwa kidogo, na mpishi mwangalifu humwaga kichwa, ila hakuiondoi yote. Balaa kubwa huja wakati mtu wa katikati, njiani kwenda mjini, anapoongeza methanoli ya viwandani ili jerikeni tatu ziwe tano. Aprili 2010 huko Kabale watu wapatao 80 walikufa katika wiki chache kwa waragi ya namna hiyo. Na kile kipimo cha kiberiti ambacho nusu ya Uganda inakiamini hakisaidii, kwa maana methanoli nayo inawaka. Moto unakwambia tu kwamba maji ni machache. Shangazi anajua, anasema kiberiti chake kilikuwa cha nguvu, usalama ulikuwa kwenye kikombe cha kwanza alichomwaga jikoni kila siku kwa miaka 22, wateja wakilia.

Sheria nayo ipo. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilitaka kila mpishi awe na leseni na auze enguli yake, yaani waragi ya kienyeji, kwa kampuni ya serikali, ambayo iliisafisha na kuitia kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Chupa hiyo mpaka leo inatoka Port Bell, siku hizi kwa Uganda Breweries. Pakiti ndogo za plastiki, zile za shilingi mia tano za kunywa mtu akiwa juu ya bodaboda, zilipigwa marufuku mwaka 2019. Mama wa bondeni leseni hana, na simtaji kijiji chake.

Araali alinunua nusu lita, ya tumboni, si ya kichwani, shangazi alisimamia. Akasema wiski kisheria lazima ikae kwenye pipa la mti wa mwaloni angalau miaka 3, na kwamba kila mwaka asilimia 2 hivi inayeyuka hewani, Waskoti wanaita fungu la malaika. Hii yetu ilikuwa na umri wa dakika nne.

"Malaika gani hao wanaokunywa?" akauliza shangazi, akaanza kupanda mlima. Jerikeni la maji nikabeba mimi.

Fort Portal tuliingia jioni, mawingu yameufunika Rwenzori kama kawaida yake. Mji huu una neno ngome kwenye jina, basi Araali alitegemea kuona japo ukuta. Jina ni la Sir Gerald Portal, kamishna wa Uingereza aliyepita Uganda mwaka 1893 na kupendekeza nchi ichukuliwe, na sanamu yake ipo mjini. Ngome yenyewe, Fort Gerry, usiitafute. Tulimuuliza mzee mmoja wa hotelini, akatuonyesha kilima kizima kwa mkono mmoja, akarudi kwenye firinda yake, mchuzi wa maharage.

Kasri tulilipata: Karuzika, ikulu ya Omukama wa Tooro, duara kubwa juu ya kilima, na ukisimama uani unauona mji wote. Ilijengwa miaka ya 1960, falme zikafutwa 1967, jengo likaporwa na kubaki gofu, mpaka Gaddafi wa Libya alipotoa pesa za kulifufua mwaka 2001. Mfalme wake, Oyo, alitawazwa Septemba 1995 akiwa na miaka mitatu. Wa umri wangu wanaikumbuka ile picha ya mtoto kwenye kiti cha enzi. Araali alijipiga picha thelathini. Akaniuliza kama inafanana na kasri. Nikamwambia inafanana na jengo lililoona mengi. Shangazi, yaani Abwooli, alikuwa amekaa kwenye mto wake kivulini, anaitazama Bunyoro upande wa kaskazini.

"Mstari wa ngome ulipita wapi?"

Nikamwonyesha kwa kubahatisha, kwenye mabonde na migomba. Lugard alizipa majina, Wavertree, Lorne na nyinginezo, leo ukiyataja majina hayo kwa bodaboda atakupeleka popote apendapo. Na kuna jambo ambalo kwenye harusi zetu halisemwi sana. Mababu zetu waliachwa kwenye ngome zile bila mshahara wa maana, na chakula chao wakajitafutia wenyewe kwa wanakijiji, kwa bunduki. Portal alipokuja aliziondoa nyingi ya kambi hizo, na uporaji ulikuwa moja ya sababu zake. Shangazi nilimwambia hivyo hapo uani. Hakukasirika. Akasema, "Askari asiyelipwa ni mgeni mbaya," akafungua kisra.

Katwe tulikwenda na kurudi siku moja. Lugard alijenga Fort George hapo mwaka 1891 kwa akili tu ya biashara: ziwa la Katwe ni la chumvi, chumvi ilikuwa pesa, na anayekaa juu ya ukingo ule kati ya ziwa la chumvi na Ziwa Edward ndiye anayekusanya. Kabalega alikuwa anaitegemea. Tulisimama juu ya ukingo kwenye jua linalochoma mpaka ndani ya fuvu. Kilichobaki cha ngome ni kidogo mno, lakini chumvi ingali inachimbwa vilevile kama walivyoikuta, vijishamba vya maji vilivyogawanywa kwa matuta ya udongo, baba akimrithisha mtoto, wanaume wakisimama kiunoni ndani ya maji yanayoumiza ngozi. Pembeni kuna kiwanda cha chuma cha miaka ya nyuma ambacho chumvi yenyewe iliyala mabomba yake, kikafa. Nikiwa fundi nilikitazama kile kuliko ngome. Kutu ya namna ile sijawahi kuona.

Araali ndipo alipoanza kunung'unika. Siku tatu, akasema, na hajaona jiwe juu ya jiwe.

Mpira wa rejeta nilinunua Kasese, mpya, na fundi mwenzangu akanilangua bila huruma kwa sababu aliona namba za gari si za hapo. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kutoka Kyenjojo kwenda Hoima sasa ni lami, njia nzuri, vilima vinapanda na kushuka kama pumzi, na shangazi alilala mpaka Kagadi. Hoima ndiyo sehemu ambayo mimi nilikuwa naiogopa kidogo. Mwaka 1893 na 1894 Kanali Colvile alipoivamia Bunyoro, askari wake wengi walikuwa Wasudani, yaani sisi. Walichoma, walichukua ng'ombe. Kabalega naye aliuteketeza mji wake wa Mparo akarudi porini, akapigana miaka mitano, akakamatwa Lango mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli. Waingereza walimruhusu kurudi mwaka 1923, akiwa mzee. Alifika Jinja tu, akafa huko. Akaletwa kuzikwa Mparo.

Makaburi yako nje kidogo ya mji, njia ya Masindi. Mlinzi wa mahali pale ni mzee mwembamba, koti la suti na ndala. Tukavua viatu. Akatuuliza mmoja mmoja empaako, tukajibu, akafurahi, halafu akauliza mnatokea wapi.

"Bombo," nikasema.

Akaitazama gurbaba ya shangazi kwa muda. Akasema kwa Kiswahili, kizuri kuliko changu: "Ahaa. Mmerudisha ng'ombe?"

Sikujua nicheke ama niombe radhi. Shangazi hakusita hata kidogo. "Baba, ng'ombe walikwisha. Tumebaki na mimi." Yule mzee akacheka mpaka akashika mlango. Akamshika shangazi mkono akampitisha mwenyewe ndani ya nyumba ya nyasi, akamwambia aketi, akasimulia. Sisi wawili tukabaki tumesimama nyuma kama watoto waliofuata mkubwa. Kiswahili chake, alisema baadaye, alikipata jeshini. Nilipaswa kujua.

Nje akatuonyesha jiwe la kumbukumbu: hapo ndipo Kabalega alipompokea Emin Pasha mwaka 1877. Emin alikuja mgeni, wakazungumza, akaondoka salama. Miaka kumi na sita, kumi na saba baadaye askari wa Emin yuleyule wakarudi nyuma ya bendera nyingine. Shangazi alisimama pale muda mrefu. Sikumuuliza alikuwa anasema nini midomo ikitikisika. Nadhani ilikuwa dua, na huenda ilikuwa ya pande zote mbili, maana ilichukua muda.

Ngome ya Katasiha iko upande wa barabara ya Butiaba. Colvile aliijenga mwaka 1894. Ukifika unaona nyasi, halafu unaona nyasi zimezama, halafu unaelewa kwamba umesimama ukingoni mwa handaki. Kuna pango pia. Basi. Araali akaingia handakini na viatu vyake vya Uskoti, kuta za udongo zikampita kichwa, akatembea humo kimya, akapotelea kwenye kona. Nilimsikia akiita kutoka chini kwamba hapa mtu akisimama na bunduki hapiti mtu. Nikamwambia ndiyo maana walichimba.

"Nani alichimba?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyouliza safari nzima. Mwingereza hakushika jembe. Ama walikuwa Wanubi, ama Wanyoro waliolazimishwa, ama wote pamoja, huyu akimsimamia yule. Shangazi akachuma jani moja la mti uliokuwa ukingoni akaliweka ndani ya Kurani yake ndogo. Hakusema la nini.

Turudi nyumbani. Kilomita 1,100 na ushei kwenye mita ya gari, petroli ikiwa juu ya shilingi 5,000 kwa lita, Araali alilipa yote bila kusukumwa, nami nikamsamehe mpira wa rejeta. Kawunyemu walitusimamisha jioni karibu na Wobulenzi. Nilipuliza, sifuri. Askari akanusa ndani ya gari, maana ile nusu lita ya bondeni ilikuwa imevuja kidogo kwenye kikapu cha kisra, akamulika tochi kiti cha nyuma, akamwona bibi mwenye hijabu na tasbihi mkononi. Akatuombea safari njema.

Asubuhi ya siku aliyoondoka, Araali alikuja kuaga. Tulikuwa tumekaa barazani kwa shangazi, baridi ya alfajiri bado ipo. Nikakumbuka kile kichupa cha dereva, nikakitoa kwenye sanduku la spana, nikamwambia Araali simnyimi heshima, lakini mimi na hiki hatutakutana. Shangazi akanyoosha mkono. Akasoma kibandiko kwa mbali: miaka 12. Akauliza ni miaka kumi na miwili ya nini. Ndani ya pipa, Araali akasema. Akafungua, akanusa, akanusa tena, akasema inanuka sanduku la nguo za marehemu, lakini marehemu tajiri. Kisha akaenda ndani akarudi na kijiko na kiberiti.

Akamimina kijiko kimoja. Akawasha njiti, akaisogeza. Haikushika. Njiti ya pili ikazima. Ya tatu aliishikilia mpaka ikakaribia kidole, kikatokea kimwali cha buluu, kikayumba, kikafa.

"Mmepigwa," akasema.

Araali akaanza kueleza kwamba ni asilimia 40 tu, kwamba ikitoka pipani huwa kali zaidi, lakini kiwandani wanaongeza maji kabla ya kufunga chupa, ndivyo inavyotakiwa.

"Wanaongeza maji? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Abwooli."

"Ndiyo, Abwooli."

Akakimwaga kijiko kwenye mchanga, akarudisha kizibo. "Mimi wateja wangu wangeniona naongeza maji," akasema, "wangeniitia chifu."